Mchoraji wa majogoo aliyelipigania soko

*Kwa muda mrefu Ito Jakuchu wa Kyoto alielezwa kuwa mtu asiyejua lolote ila brashi yake. Kumbukumbu za soko alikozaliwa zina habari nyingine, na habari hiyo inabadilisha namna ya kuzitazama picha zake.*

Jioni inapofika, wafanyabiashara wa soko la Nishiki, katikati ya jiji la Kyoto nchini Japani, huteremsha milango ya chuma ya maduka yao. Hapo soko hubadilika sura. Kwenye milango hiyo hutokea majogoo wenye undu mwekundu, kasuku weupe, samaki, tembo na maua, duka baada ya duka.

Mchana picha hizo hazionekani. Nafasi yote imeshikwa na mapipa ya mboga zilizochachushwa, samaki wabichi, tofu, visu vya jikoni, na wateja wanaobanana katika uchochoro wenye urefu wa mita 390 hivi.

Picha ni za mtu mmoja, na alizaliwa hapohapo. Kwenye lango la magharibi, upande wa mtaa wa Takakura, wenye soko wameweka alama ya kumkumbuka Ito Jakuchu, mtoto wa kwanza wa kiume wa muuza mboga wa jumla. Alizaliwa mwaka 1716, akafariki mwaka 1800.

Mcheza kwao hutunzwa. Lakini watu wa Nishiki wana sababu nyingine ya kumtunza mwenzao, ambayo vitabu vya sanaa vilichelewa kuiandika. Pasipo yeye, huenda soko lao lingekufa zaidi ya miaka 250 iliyopita.

Japani ya leo inamwona Jakuchu kuwa mmoja wa wachoraji wake wakubwa kabisa wa maua na ndege. Mwaka 2016, ilipotimia miaka 300 tangu azaliwe, maonyesho ya kazi zake katika Jumba la Sanaa la Jiji la Tokyo yalidumu siku 31 tu na kupokea watu wapatao 446,000. Kuna siku foleni ilifika dakika 320. Watu walisimama zaidi ya saa tano ili wawaone kuku waliochorwa kwenye hariri.

Umaarufu huo umeamsha mabishano matatu yanayoendelea hadi sasa: Jakuchu alikuwa mtu wa namna gani, picha zipi ni zake kweli, na nani aruhusiwe kuzitazama, kwa muda gani.

Kaka mkubwa na duka la urithi

Duka la familia liliitwa Masuya. Lilikuwa duka la jumla, lililowaunganisha wakulima wa vijiji vya pembezoni na wachuuzi wa mjini. Baba alipofariki mwaka 1738, Jakuchu alikuwa na miaka 22. Kwa desturi, mzigo ulimwangukia yeye.

Mengi tunayoyajua kuhusu tabia yake yanatoka kwa rafiki yake, Daiten Kenjo, mtawa wa Zen na msomi wa hekalu la Shokokuji. Mwaka 1766 Daiten aliandika maneno ya kuchongwa kwenye kaburi ambalo Jakuchu alijiandalia akiwa bado hai.

Anamweleza mtu asiyevutwa na masomo, asiye na mwandiko wa kusifiwa, asiyejali starehe ambazo wenzake walizikimbilia. Hakuoa, wala hakuacha mtoto. Furaha yake ilikuwa kuchora.

Daiten anasimulia pia kwamba Jakuchu aliwakuta shomoro hai wakiuzwa sokoni, wakingoja kugeuzwa kitoweo. Akawahurumia, akawanunua makumi kwa makumi, akawaachia huru kwenye bustani ya nyumbani kwake.

Mwaka 1755, akikaribia miaka 40, alimkabidhi mdogo wake duka. Tangu hapo akaishi kwa ajili ya uchoraji.

Kuku wa uani

Picha za maua na ndege ni fani ya kale ya Asia ya Mashariki. Ilikomaa China, hasa katika enzi ya Song, kisha ikavuka bahari. Ina lugha yake: korongo na msonobari huombea umri mrefu, bata dume na jike huashiria ndoa yenye mapenzi, ua la peoni huashiria neema na mali.

Katika Japani ya karne ya 18, wachoraji wa ukoo wa Kano ndio waliokuwa na kibali cha watawala. Mwanafunzi alijifunza kwa kunakili kazi ya mwalimu wake, ambaye naye alinakili kazi ya mwalimu wake.

Jakuchu alianza huko. Kwa maelezo ya Daiten, alipoona kwamba njia hiyo haimfikishi popote, aliziendea picha za kale za China zilizohifadhiwa katika mahekalu ya Kyoto, akazinakili zipatazo 1,000. Mwishowe akatambua kwamba wale Wachina walichora walichokiona kwa macho yao. Yeye anayewanakili atakuwa nyuma yao siku zote.

Basi akaamua kuwatazama viumbe wenyewe. Finiksi hapatikani, na tausi ni nadra. Kuku wako kila uani. Akafuga makumi ya kuku nyumbani, akawasoma walivyosimama, walivyogeuza shingo, walivyoparua ardhi, walivyokunjua manyoya. Alikaa nao miaka ndipo akaona kwamba mkono wake uko tayari.

> Finiksi hapatikani, na tausi ni nadra. Kuku wako kila uani. Akaanzia hapo.

Zao la kazi hiyo ni mfululizo wa picha 30 uitwao Doshoku sai-e, yaani picha za rangi za viumbe hai. Aliuchora kati ya mwaka 1757 na 1766 hivi. Kila picha ni hariri ya kutundikwa ukutani, yenye urefu wa sentimita 142 hivi na upana wa sentimita 79.

Humo mna majogoo waliobanana hadi mtazamaji anashindwa kujua undu upi ni wa nani. Mna jogoo na alizeti, kuku na haidranja, tausi juu ya msonobari, bata bukini anayeshuka kichwa chini kuelekea mafunjo, bata wawili kwenye theluji, kombe za baharini, samaki, na ukingo wa dimbwi wenye makumi ya aina za wadudu, vyura na mijusi.

Mtazame jogoo wake kwa karibu. Kila unyoya umechorwa peke yake, na hakuna unaofanana na mwenzake. Magamba ya miguu yanaonekana moja moja. Jicho kali linakutazama wewe.

Kisha tazama majani. Mengi yametobolewa na wadudu, mengine yana madoa ya ukungu, mengine yamekauka kingo. Mchoraji wa kasri angechagua jani zima. Jakuchu alikulia mahali ambapo kila alfajiri mtu hushika jani, huligeuza na kulikagua. Alijua kwamba jani lenye tundu ndilo jani la kweli, na aliyachora matundu hayo kwa uangalifu uleule aliompa finiksi.

Siri iliyo nyuma ya hariri

Kati ya mwaka 1999 na 2004 picha zote 30 zilifanyiwa ukarabati mkubwa. Mafundi walipobandua karatasi kuukuu zilizozishikilia kwa nyuma, waliona jinsi Jakuchu alivyofanya kazi.

Hariri ni kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga. Jakuchu alipaka rangi pande zote mbili. Rangi ya mgongoni hupenya kati ya nyuzi na kukutana na ile ya mbele, na jicho huona rangi ya tatu. Wachoraji wengine waliijua mbinu hii, lakini ni wachache walioitumia kwa ustadi kama wake.

Mfano mzuri ni picha ya finiksi mweupe juu ya msonobari mzee. Manyoya yake yanang'aa kwa namna iliyowafanya wengi waamini kwamba ametumia dhahabu. Uchunguzi ulionyesha kwamba ung'avu huo hautokani na dhahabu. Mbele kuna mistari myembamba ya rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa kombe za chaza zilizosagwa, na nyuma kuna udongo wa manjano. Mng'ao wa dhahabu unazaliwa pale viwili hivyo vinapokutana.

Ugunduzi mwingine ulitoka kwenye picha ya samaki. Samaki mmoja wa buluu nzito alipopimwa, alikutwa na buluu ya Prussia, rangi iliyobuniwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Wakati huo Japani ilikuwa imefunga milango yake. Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara ni Waholanzi, tena kwa kupitia bandari ya Nagasaki tu.

Kumbe mwana wa muuza mboga wa Kyoto aliipata rangi hiyo na kuijaribu zaidi ya miaka 60 kabla mchoraji Hokusai hajaitumia katika lile wimbi lake linalojulikana dunia nzima. Hakuna picha ya Japani iliyotangulia hiyo inayojulikana kuwa na rangi hii.

Ugunduzi huo unagusa hoja ya tabia yake. Mtu aliyejifungia asijue yanayoendelea nje hapati rangi ngeni kutoka ng'ambo. Aliyeipata alijua soko, alijua watu, na alikuwa na uwezo wa kulipa.

Zawadi kwa hekalu

Mwaka 1765 Jakuchu alitoa sehemu kubwa ya mfululizo huo, pamoja na picha tatu za Buddha na wafuasi wake, kwa hekalu la Shokokuji. Mwaka huohuo alifiwa na mdogo wake wa mwisho. Baadaye akakamilisha picha 30.

Picha hizo hazikufichwa. Mara moja kwa mwaka, wakati wa ibada ya toba ya Kannon, mtakatifu wa huruma katika Ubuddha, zilitundikwa hekaluni, na watu wa mji wakaingia kuzitazama. Nyoka, chura na jani lililooza walikaa ubavuni mwa Buddha, na hiyo ndiyo ilikuwa imani ya mchoraji: kila kilicho hai kina utukufu ndani yake.

Wakati wake hakuwa mtu asiyejulikana. Orodha ya watu mashuhuri wa Kyoto iliyochapishwa mwaka 1775 ilimweka wa pili kati ya wachoraji, nyuma ya Maruyama Okyo.

Kumbukumbu za soko zatoa ushahidi

Ndivyo hadithi ilivyosimuliwa kwa vizazi: mcha Mungu mpole, asiye na mke wala makuu, yuko uani na kuku wake. Kisha watafiti wa sanaa wakasoma kwa makini kumbukumbu za soko la mboga la Nishiki, na humo wakakutana na Jakuchu mwingine.

Mwaka 1771 wafanyabiashara wa soko pinzani, la mtaa wa Gojo, walianza njama za kutaka Nishiki ifungwe. Ofisi ya hakimu wa mji ikahoji uhalali wa kibali, na biashara ya mboga ikasimamishwa.

Wakati huo Jakuchu alikuwa mzee wa mtaa wa Obiya, mmoja wa mitaa ya soko hilo. Alikuwa amestaafu duka, na jina lake lilikuwa limeshapanda. Angeweza kabisa kukaa pembeni.

Wapinzani walijaribu kumtenga na wenzake. Alidokezewa kwamba mtaa wake peke yake ungeweza kuruhusiwa kuendelea iwapo angekubaliana nao. Akakataa.

Akawa mtu wa kwenda na kurudi katika ofisi za serikali, wa kuandika maombi, wa kutafuta washirika. Hoja iliyobeba uzito ni ya wakulima: kama soko litafungwa, vijiji vinavyolitegemea vitakosa pa kuuza, na kodi ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, itayumba. Alifikiria hata kujiuzulu uzee wa mtaa ili aende Edo, yaani Tokyo ya leo, kupeleka shauri kwa wakubwa wa juu, hatua ambayo katika Japani ya siku hizo ingeweza kumgharimu uhai.

Mwaka 1774 soko lilipata kibali rasmi, kwa sharti la kulipa ada ya fedha kila mwaka. Kazi za Jakuchu zenye tarehe za miaka hiyo ya mvutano ni chache mno. Brashi ilikuwa imewekwa kando.

> Alidokezewa kwamba mtaa wake peke yake ungeweza kuruhusiwa kuendelea. Akakataa.

Mpweke au mzee wa mtaa?

Hapa ndipo maoni yanapogawanyika. Wapo wanaoshikilia picha iliyochorwa na Daiten. Wanasema alimjua rafiki yake kuliko sisi, na kwamba uchoraji wa makini kiasi kile hauwezi kutoka kwa mtu wa mikutano na mabaraza. Kwao shauri la soko ni dharura iliyomkuta tu.

Wengine wanajibu kwamba Daiten alikuwa msomi wa maandishi ya Kichina, na katika mapokeo hayo msanii mkubwa hutakiwa awe mtu aliyejitenga na malimwengu. Alimvika rafiki yake joho hilo kwa heshima. Isitoshe, maneno ya kaburini yaliandikwa mwaka 1766, miaka mitano kabla ya shauri la soko kuanza. Yasingeweza kueleza yaliyokuwa hayajatokea.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba kambi zote mbili zinakosea zinapodhani kuwa lazima tuchague. Aliyewanunua shomoro ili wasichinjwe, aliyelichora jani bovu kwa subira, na aliyekataa mtaa wake upone huku mitaa jirani ikifa, ni mtu mmoja mwenye moyo mmoja. Alikataa kukiona kiumbe au mtu kuwa si kitu kwa sababu ni mdogo.

Muuza mboga na mchoraji hawakuishi vyumba tofauti ndani yake. Ushahidi mwingine ni picha ya uzeeni iliyoko katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Kyoto. Ni mchoro wa wino unaoonyesha kifo cha Buddha, lakini aliyelala katikati, juu ya kikapu kilichopinduliwa, ni figili kubwa nyeupe. Wanaomlilia ni mboga na matunda: maboga, biringanya, uyoga, viazi, matango. Wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 60.

Hakuna dhihaka humo. Ni mtu aliyeishi kati ya mboga tangu utotoni, akiziombolezesha kwa lugha ya ibada.

Moto, mchele na miaka ya giza

Mwaka 1788 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Kyoto. Nyumba na karakana ya Jakuchu zikaungua. Shokokuji nayo iliharibiwa vibaya, ila zile picha 30 zikaokolewa.

Akiwa na zaidi ya miaka 70, akalazimika kuishi kwa brashi yake. Inasimuliwa kwamba alitoa picha kwa yeyote aliyemletea kipimo kimoja cha mchele, lita 18 hivi, na akawa anatia sahihi kwa jina la mzee wa kipimo cha mchele. Alihamia karibu na hekalu la Sekihoji, kusini mwa mji, ambako sanamu za mawe za wafuasi wa Buddha zilizochongwa kwa michoro yake bado zimesimama msituni. Huko ndiko alikozikwa.

Baada ya kifo chake, sifa yake ilififia polepole. Mapinduzi ya Meiji ya mwaka 1868 yaliwapa taabu Wabuddha. Mahekalu yalinyang'anywa ardhi na mapato. Mwaka 1889 Shokokuji iliikabidhi familia ya kifalme zile picha 30, ikapokea yeni 10,000, na kwa fedha hizo ikanusuru eneo lake. Safari hii waliookoa mahali ni kuku wa Jakuchu.

Ni kutia chumvi kusema alisahauliwa kabisa. Katika maonyesho ya dunia ya St. Louis, Marekani, mwaka 1904, Japani ilionyesha chumba kizima kilichopambwa kwa vitambaa vilivyofumwa kufuata picha zake. Lakini katika historia rasmi ya sanaa alibaki pembezoni.

Waliomrudisha ni watu wawili. Wa kwanza ni Joe Price, kijana wa Oklahoma aliyetoka katika familia yenye mali ya mabomba ya mafuta. Mwaka 1953, akiwa New York pamoja na msanifu majengo Frank Lloyd Wright, aliona mchoro wa mzabibu katika duka la vitu vya kale. Akaununua bila kujua mchoraji ni nani, kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya gari. Ulikuwa wa Jakuchu. Tangu siku hiyo, yeye na baadaye mkewe Etsuko walikusanya kazi ambazo Japani yenyewe ilikuwa haizijali.

Wa pili ni mwanahistoria Tsuji Nobuo. Kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu wachoraji wa ajabu waliotengwa na historia rasmi kiliwapa Wajapani macho mapya. Yasimuliwa kwamba Jakuchu alisema yuko tayari kumngoja mwenye kumwelewa hata miaka 1,000. Hakungoja robo ya muda huo.

Miraba 86,000

Umaarufu huleta fedha, na fedha huleta mashaka. Ugomvi mkubwa kuliko yote ni wa viambaza vya kukunja vilivyopakwa kwa miraba midogo ya rangi, kila mmoja wa sentimita moja hivi. Jozi iliyokuwa ya Price ina miraba ipatayo 86,000. Tembo mweupe anaongoza wanyama upande mmoja, finiksi anaongoza ndege upande wa pili, na wote wanaishi kwa amani bustanini. Jozi nyingine inayofanana nayo iko katika jumba la sanaa la mkoa wa Shizuoka.

Hakuna mchoraji mwingine wa enzi hiyo anayejulikana kwa mbinu hii. Wengi wanaona chimbuko lake ni michoro ya wafumaji wa mtaa wa Nishijin wa Kyoto, ambao hupanga rangi kwenye miraba kabla ya kufuma.

Tsuji ameitetea jozi ya Price kuwa kazi ya Jakuchu. Wazo kubwa na la ajabu namna hiyo, kwa hoja yake, halizaliwi kichwani mwa mwigaji. Sato Yasuhiro, msomi mwingine mkubwa wa kazi za Jakuchu, amepinga. Anaona umbo la wanyama ni legelege na upangaji wa miraba hauna ule ustadi wa mkono anaoufahamu. Kwake, jozi hiyo ni ya mtu mwingine.

Kinachobishaniwa ni kikubwa kuliko bei. Mwaka 2019 jumba la sanaa la Idemitsu la Tokyo lilinunua kazi 190 za mkusanyiko wa Price, jozi hiyo ikiwamo, na kuzirudisha Japani. Mamilioni wanaoijua sura ya Jakuchu wanaijua kwa tembo yule mweupe. Ikiwa si yake, umma umempenda kwa kazi ya mwingine. Ikiwa ni yake, alifikia mahali ambapo mwenzake yeyote hakufika.

Na kazi mpya bado zinaibuka. Mwaka 2024 jumba la sanaa la Fukuda la Kyoto lilitangaza picha ndefu ya hariri, yenye mboga na matunda ya rangi, iliyopatikana Ulaya. Ni ya uzeeni, na ina maneno ya hitimisho yaliyoandikwa na Daiten. Marafiki wale wawili walishikamana hadi uzeeni.

Mwanga kwa wote, au giza kwa usalama?

Mabishano ya tatu ni ya mwanga. Price aliamini kwamba picha hizi hazikuumbwa kwa taa za umeme na vioo. Zilichorwa katika nyumba za milango ya karatasi, ambamo mwanga hubadilika tangu asubuhi hadi jioni, na rangi ya nyuma ya hariri hujitokeza au kujificha kadiri jua linavyosogea. Jengo la sanaa ya Kijapani alilolisaidia kujengwa Los Angeles, lililofunguliwa mwaka 1988, lilisanifiwa lipokee mwanga wa jua.

Wahifadhi wana jibu zito. Hariri huchoka. Rangi za mimea hupauka. Gundi ya ngozi inayoshikilia rangi za madini hupasuka hewa inapokauka. Doshoku sai-e ilitangazwa hazina ya taifa mwaka 2021, na hazina za namna hiyo huonyeshwa kwa muda mfupi tu kila mwaka, katika mwanga hafifu. Kila saa ya kutazamwa leo inakopwa kwa wajukuu.

Wote wana haki, na ndiyo maana shauri hili ni gumu. Foleni ya dakika 320 ni matokeo yake: picha zikitoka mara chache, watu humiminika, na mzee aliyesimama saa tano hupewa muda mfupi tu mbele ya kila hariri.

Mwaka 2013 Price alionyesha njia moja. Miaka miwili baada ya tetemeko na tsunami kuipiga kaskazini mashariki mwa Japani, alizipeleka kazi zake Sendai, Morioka na Fukushima. Watoto waliingia bure. Hakuzipeleka Tokyo kwenye watu wengi. Alizipeleka kwa waliofiwa na waliopoteza nyumba. Price alifariki mwaka 2023, na mfano huo unafaa kuigwa: picha zisafiri mara chache, lakini zinaposafiri ziende kwa wenye haja nazo.

Soko lilelile, tishio jipya

Nishiki yenyewe imo katika mtihani mwingine. Watalii wamekuwa wengi kupita uwezo wa uchochoro ule. Wenye soko wamewaomba wageni wasitembee huku wakila. Vibanda vya vitafunwa vya mishikaki vinaongezeka pale palipouzwa mboga na samaki wa chakula cha jioni, na wapishi na wenyeji wa Kyoto wananunua kwingine.

Yeyote aliyewahi kununua mahitaji Kariakoo anajua kwamba soko hufa likiwa limejaa watu, siku ambayo mama wa jirani anaacha kulitegemea.

Serikali ya Japani imezilinda picha za Jakuchu kwa sheria, na imefanya vema. Wataalamu wanabishana juu ya miraba ya tembo mweupe, na ubishi wao una faida kwa sababu unatufundisha kutazama. Lakini hariri ni nusu ya urithi wake. Nusu ya pili ni ule uamuzi wa kuweka brashi chini na kusimama na wauza mboga wenzake, akakataa kupona peke yake.

Picha kwenye milango ya chuma ni heshima nzuri. Heshima kubwa zaidi kwa mzee wa mtaa wa Obiya ni kuhakikisha kwamba mlango huo unapopandishwa asubuhi, nyuma yake bado yumo mtu anayeuza figili kwa jirani yake. Wenye soko, jiji la Kyoto na wageni wanaokwenda kumtafuta Jakuchu wana uwezo wa kulifanya hilo, kila mmoja kwa sehemu yake, na wanapaswa kulifanya sasa.